Sekunde Tatu kwa Ukurasa

Jumanne, Galbet

Sekunde tatu! Ndivyo boksi la faksi mpya ya kliniki yetu linavyodai: sekunde tatu kwa kila ukurasa. Leo ukurasa wa kwanza pekee umechukua dakika sita.

Mzee Abdullahi alifika kliniki asubuhi kutoka Balambala na binti yake Sahra, mgonjwa wa moyo. Hospitali moja ya Nairobi ilikuwa imebakiza kitanda kimoja, lakini ilitaka rekodi za Sahra kwa faksi kabla ya saa kumi na moja. Kurasa nane, na daktari wetu alimaliza kuziandika saa kumi.

Fundi wa mashine aliniambia kwenye simu kwamba kasi ile ni ya laini safi ya simu na karatasi yenye maneno machache. Laini yetu inakwaruza, na kurasa za daktari zimejaa mwandiko na mihuri. Mashine ikikutana na kelele inapunguza mwendo. Sasa mbona hawakuandika hayo kwenye boksi?

"Dada, karatasi ngapi imeenda?" mzee aliuliza tena na tena.

"Nimeshakwambia ni tatu!" Nilimfokea. Najuta.

Saa kumi na moja kasorobo ukurasa wa saba ulikwama. Nikapiga simu Nairobi, karibu nilie. Muuguzi akasema, "Wewe tuma tu. Siondoki hapa mpaka zote zifike."

Zilifika saa kumi na moja na robo. Sahra amepata kitanda.

Mzee alisema "Alhamdulillah," kisha akaniombea dua, mimi niliyemfokea. Nilishindwa hata kumtazama usoni.