Kwaya Yetu Chini ya Mabati, Muyinga

Dada Goreti wangu wa Nyamugari,

Huku Muyinga ukungu hautaki kuondoka tangu jana, na kila kitu kinanukia majani ya migomba. Wenzetu wa nchi nyingine wana wikendi yao ya fahari mwezi wa Juni, wakiimba barabarani. Sisi wanaume tisa tunaopenda wanaume yetu tuliichagua Aprili, ndani ya nyumba ya rafiki, kwa sababu mvua ikipiga mabati, jirani hasikii kwaya yetu.

Tulianza kwa sauti ndogo, kisha tukaimba kwa vifua vyote, nikajiona kama naelea. Mara mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Zaina, jirani mjane, amelowa chapachapa, anatafuta pa kujikinga. Tukanyamaza. Eliya, aliyesimama kando yangu, alikuwa amenishika mkono, na hakuuachia.

Mama aliitazama mikono yetu kwa muda. Akaenda kufunga dirisha tulilolisahau wazi, akaketi.

"Munanyamaza nini? Imbeni, mvua iko bado."

Tukaimba hadi ilipokatika, yeye akitikisa kichwa taratibu, macho ameyafumba. Kisha akatupikia mboga za lengalenga kwa karanga, tukala pamoja.

Kadi hii sikuthubutu kuipeleka posta. Anayekukabidhi ndiye Eliya, yule niliyekuwa nikikusimulia. Mpe chai, dada, na umkalishe karibu nawe. Nakukumbatia wewe na watoto.

Mdogo wako aliyekauka sauti,
Fideli