Kaa Chini, Shemeji

Jumatatu, 3 Juni

Upepo tangu asubuhi. Nimevusha watu mara mbili, nikafunga boti. Pale mkondoni, mto unapokutana na maji mapana, mawimbi yalikuwa yamesimama wima. Nikayaendea kwa pembe, taratibu, napunguza mwendo kila tukifika juu ya wimbi ili boti isiruke. Hakuna aliyelowa hata kiatu. Shukrani? Fundi cherehani akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba kwa Kapteni mtu hufika ng'ambo kabla karanga hazijaisha mkononi.

Kapteni! Ni shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto. Cheo hicho kapewa na kofia yake nyeupe. Boti ni ya familia, tunapokezana zamu, lakini mimi niliyelelewa botini na baba yangu nabaki kuwa "yule mama".

Nilale. Hasira hasara.

Jumatano, 5 Juni

Zamu yake leo. Nimemkuta amefungia majaketi ya kuokolea ndani ya sanduku la mbele. Kwa kufuli! Bado yamo kwenye nailoni zake. Eti yakivaliwa yatanuka jasho, na mkaguzi akija ayakute mapya. Nikamwuliza, boti ikipinduka nani atazama chini kutafuta ufunguo? Akacheka. Akasema mdomo wangu unaita balaa.

Nikampitia Baba Watoto gereji. Kajifuta grisi mikononi muda mrefu kweli, halafu akasema atazungumza naye. Atazungumza naye — kama alivyozungumza naye habari ya kujaza watu kupita kiasi.

Ijumaa, 7 Juni

Lazima niandike.

Mama mkwe alikuwa na miadi ya macho ng'ambo, nikamsindikiza. Shemeji ndiye mwenye zamu. Upepo ulikuwa unazidi, nikamwomba tusubiri utulie. Akanijibu kwamba maji hayamjui mwoga. Akajaza watu, kisha mifuko ya saruji ya fundi mwashi akaipanga yote mbele. Yote! Pua ya boti ikawa inanusa maji tungali gatini. Nikasema. Akajifanya hasikii.

Mkondoni akaongeza moto badala ya kupunguza. Boti ikapanda wimbi la kwanza, ikashuka kwa kishindo. La pili hatukulipanda — pua ilikuwa nzito, ikalichimba, maji yakamiminika ndani. Watu wakasimama, wakakimbilia upande mmoja. Hapo shemeji akatishika. Akataka kugeuza turudi. Kugeuza, katikati ya mawimbi yale! Tukayapa ubavu. Boti ikalala. Akaachia moto wa mashine, akasimama wima, kaduwaa, mikono hewani.

Sikusimama. Nilitambaa juu ya miguu ya watu mpaka nyuma, nikaushika mkono wa mashine.

"Kaa chini," nikamwambia.

Akabaki wima.

"Kaa chini, shemeji! Utatuua."

Akakaa. Nikaipa mashine moto kidogo, wa kuishika boti tu isichukuliwe na maji. Nikangoja pengo baina ya mawimbi, nikairudisha pua iyatazame — si moja kwa moja, kwa pembe. Nikawaamuru watu wote wakae sakafuni, katikati, asiinuke mtu hata akilia. Muuza mayai akachota maji kwa beseni lake. Fundi mwashi nikamwambia asogeze mifuko nyuma, asiyoiweza aitupe. Akatupa huku analia kama kafiwa. Mama mkwe alinishika mguu kwa mikono miwili, hakuuachia mpaka ng'ambo.

Na tulipofika? Kapteni akaruka wa kwanza, akashika kamba, akawapa watu mkono wakishuka. Nao wakamshukuru. Mmoja mmoja! Fundi cherehani kamwambia leo umetuokoa.

Daktari wa macho tulimkuta keshaondoka.

Jumapili, 9 Juni

Kikao cha familia. Sebuleni, chai, viti vimepangwa kama mahakamani. Mshtakiwa mimi.

Mama mkwe akaanza. Kwamba mwanawe nimemvunjia heshima mbele za watu. Kwamba kuna namna ya kusema na shemeji yako. Namna gani, na maji yako magotini? Wifi akadakia kwamba mimi nimezoea kutaka kuonekana. Yeye siku hiyo alikuwa saluni.

Kucha za mama mkwe zimeniachia alama kwenye kifundo cha mguu. Nilikuwa nimeketi mkabala naye, mguu wazi, anaziona. Aliziona, najua, maana akahamisha macho.

Wakanitaka niombe radhi. Nikasema, "Nilimwambia akae chini. Alikaa, na leo yupo hapa anakunywa chai. Nimwombe radhi kwa lipi?"

Shemeji anachezea kofia. Baba Watoto anachungulia kikombe chake kana kwamba kuna samaki ndani.

Hukumu: mpaka niombe radhi, boti nisiiguse. Zamu zangu zote kapewa yeye.

Tulipobaki wawili chumbani, Baba Watoto akasema neno dogo tu lingemaliza mambo. Nikamwambia aliseme yeye, anayeona ni dogo.

Jumanne, 11 Juni

Sijaomba. Nimefua mapazia yote, hata yaliyo safi.

Alhamisi, 13 Juni

Upepo ule ule. Mama mkwe ana miadi mipya ya macho. Kaondoka bila kuniaga, na wifi kamshika mkono.

Naandika hapa dirishani, gati lote naliona. Boti imejaa. Shemeji kavaa jaketi la kuokolea — yeye peke yake! La rangi ya chungwa, jipya linang'aa. Wengine wamekaa na nguo zao tu. Natamani kupiga kelele, nani atanisikia na upepo huu.

Mama mkwe hapandi. Kaketi kwenye benchi la gati, mkoba mapajani. Shemeji kamfuata, kamnyooshea mkono. Hakuupokea. Sasa muuza mayai anashuka na trei zake. Fundi cherehani naye — yule yule wa karanga! — anashuka.

Baba Watoto kapita sasa hivi, anahema. Anasema mama anaona upepo ni mkali leo.

Nikamwuliza, "Kanitaja?"

"Hajakutaja."

"Basi."

Kabaki kasimama mlangoni, hatoki wala haingii.

Wifi naye kaja. Mama kamtuma, eti anasikia baridi, nimpelekee sweta lake. Nimpelekee mimi, kwa mkono wangu. Si wifi.

Sweta lake ni jekundu. Naliona kutoka hapa dirishani. Kalivaa.

Nimemwambia wifi aketi kwanza. Chai ipo jikoni, bado ya moto. Kule gatini hakuna anayepanda, na mama mkwe kageuza uso, anaitazama nyumba hii. Naye angoje kidogo.