Siku Nilipokwambia Huenda Si Sindano

Baba,

Leo miezi mitano tangu tukuzike hapa Wawi. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikiandika inatoka kama ripoti ya kazini, na wewe hukupenda nikizungumza nawe kikazi.

Mama hajambo. Presha yake imetulia. Siku hizi hafungui redio asubuhi, anasema taarifa ya habari haina ladha bila mtu wa kubishana nayo. Kiti chako nimekigongomea ule mkono uliolegea. Hakuna anayekikalia.

Kuna jambo limenikaa kifuani, na hapa nyumbani sijamwambia mtu.

Ulipopata kile kiharusi cha mwanzo, mkono wa kushoto ulikuwa hauwezi hata kufunga kifungo cha kanzu. Hospitali wakakupa dawa, ukazimeza bila kukosa, Mwalimu weye, kila kitu kwa saa yake. Kisha ukasikia kuna kliniki Madungu wanatibu kwa sindano za Kichina, zile nyembamba kama unywele. Ukawa unakwenda kila Jumatatu na Alhamisi, na Mama akikupigia pasi kama unakwenda harusini. Ukirudi, sindano huzitaji. Unasimulia benchi la kusubiria: nani kaja, nani goti limemvimba tena, Mzee Kombo wa Shumba kasema nini mpaka daktari akatoka kuwanyamazisha. Siku ulipofunga kifungo mwenyewe ulituita sote tuje tutazame.

Mie nilikuwa nimerudi likizo kutoka Unguja, mwaka wangu wa mwisho wa masomo ya afya ya jamii. Ulisikia redioni kuna tafiti kubwa zimefanywa juu ya sindano hizo. Tukakaa barazani baada ya laasiri, ukaniambia, "Wewe ndo msomi. Nisomee, kisha unambie kweli."

Nilisoma siku mbili. Na nilikueleza vizuri, Baba, hilo nalijua. Nilikwambia watafiti walichukua mafaili ya zamani ya maelfu ya wagonjwa, wakawatenga waliodungwa na wasiodungwa, kisha wakafuatilia humo humo kwenye mafaili: nani alipata kiharusi cha pili, nani moyo ulimsumbua, nani aliingiwa na huzuni. Na tafiti nyingi za namna hiyo zinaonesha waliodungwa walikuwa na nafuu. Uso wako ukafunguka. "Umesikia, Mama Salma?" ukapaza sauti mpaka jikoni.

Ningeweza kunyamaza pale. Lakini nimefunzwa kutonyamaza pale. Nikaendelea: hakuna aliyewachagua kwa kura nani adungwe na nani asidungwe, watu walikwenda wenyewe. Na anayekwenda pengine ndiye ambaye ugonjwa wake ulikuwa mwepesi tangu mwanzo, ndiye mwenye miguu ya kumfikisha, mwenye watu wa kumhimiza. Faili halioneshi yote hayo. "Kwa hivyo, Baba, huenda si sindano."

Ukautazama ule mkono wa kushoto. Kisha ukauliza, "Yaani ningekaa hapa hapa nyumbani, ningekuwa vivi hivi?"

"Huenda," nikasema.

Nilisema kweli. Nikiulizwa kwenye mtihani leo nitajibu vile vile. Tafiti zile hazikuthibitisha kwamba sindano zinafaa, wala hazikusema hazifai. Ila wewe ulisikia hapana. Nami niliona umesikia hapana, na sikukurekebisha. Nilikuwa nimefurahi mno, Baba. Wewe uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza, leo mie nakufundisha na wewe unaelewa.

Jumatatu hukwenda. Mama akakuuliza, ukamwambia umechoka na gari za abiria. Alhamisi hukwenda. Nikarudi Unguja, na kila nikipiga simu swali langu ni moja: dawa umemeza? Nimemeza. Basi nakata simu moyo wangu umetulia. Sikukuuliza hata siku moja umetoka, umezungumza na nani, umecheka.

Kiharusi cha pili kikakukuta unatia udhu wa adhuhuri. Nilifika na boti ya siku ya pili, nikaona viatu vimejaa mlangoni, nikajua.

Ungeendelea kwenda ungekuwa hai? Sijui. Kwa mtu mmoja hakuna awezaye kujua. Elimu yangu hainihukumu, Baba, na wala hainiachilii.

Wiki iliyopita nilikwenda Madungu. Kwenye benchi alikuwapo mzee mmoja mwembamba, akanitazama kabla sijasema kitu. "Weye ndo Salma. Una macho ya Mwalimu." Ndiye Mzee Kombo. Habari haikumfika huko Shumba, ikawa mie ndiye wa kumwambia. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Na sie tulidhani kenda kwako Unguja. Kila siku akisema atakwenda akutazame unavyosoma. Pale pake pembeni ya benchi tukipaacha wazi, tukasema akirudi atatusimulia."

Muuguzi akanionesha faili lako. Kurasa chache. Mkono wa kushoto, maendeleo mazuri, maendeleo mazuri. Halafu mstari wa mwisho: *Hakuhudhuria tena.* Iko siku mtafiti atalifungua, akuhesabu miongoni mwa walioacha, na hatakuwa amekosea. Haikuandikwa popote kwamba huyu mzee alikuwa na binti.

Nilipotoka nje ndipo nikakuelewa. Hukuwa ukiniuliza habari za sindano. Ulikuwa unaniuliza kama kuna sababu ya kuendelea kutoka nyumbani, nami nikakujibu kwa mafaili ya watu nisiowajua. Nisamehe, Baba. Nisamehe.

Mama bado anadhani ulichoka na gari. Ijumaa, tukishakusomea dua, nitakaa naye uani nimwambie neno kwa neno yale niliyokwambia. Akilia, nitakaa. Akininunia, nitakaa vile vile. Na ninakuahidi: mgonjwa mwengine akinitaka nimwambie kweli, nitamwambia, lakini kwanza nitamuuliza anaogopa kupoteza nini.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Mola akupanulie hapo ulipo, akupe na majirani wenye maneno mengi.

Mwanao,
Salma