Mizizi Myembamba ya Shimo la Tatu

CHAMA CHA WAPANDA MISONOBARI, KILIMANI JUU YA SWIMA
Kikao cha dharura, tarehe 14 Agosti 2024, uani kwa Mama Cassilde

Waliohudhuria: Bw. Bonaventure (Mwenyekiti), Bw. Jacques (Makamu), Bi. Mukarurangwa (Katibu), Mama Cassilde, Bw. Ndizeye.
Mwalikwa: Bi. Georgette, agronome (mtaalamu wa kilimo) kutoka Baraka.
Asiyehudhuria: Bw. Ganza. Alivuka ziwa kwenda Ubwari bila kuaga, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/08/2024: KUFUNGUA
Kikao kilipangwa saa 2:00 asubuhi. Mwenyekiti alikifungua saa 3:20 na hakueleza sababu.

KUMB. NA. 2/08/2024: MAELEZO YA AGRONOME
Bi. Georgette alikumbusha kwamba mashina na matawi ya msitu yalikwisha kupimwa. Uzito wa mizizi, wengi huukisia tu kuwa kama robo ya uzito wa sehemu zilizo juu ya ardhi. Yeye hakutaka kukisia. Ndiyo maana yalichimbwa mashimo matatu, mita moja kila upande, na udongo wote ukatiwa mifukoni ili mizizi ichambuliwe juu ya chekeche, ikaushwe, ipimwe.

Mifuko ya mashimo mawili ilikuwa sawa. Ya shimo la tatu ilimfikia imelowa, ina mizizi minene tu. Ile myembamba kama uzi haikuwemo hata mmoja, na bila hiyo shimo halina hesabu.

Ilithibitishwa kwamba mifuko hiyo ililala siku mbili kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti alieleza kwamba ilinyeshewa. Katibu anaandika hapa kwamba Swima haijaona mvua tangu Juni.

KUMB. NA. 3/08/2024: TUHUMA DHIDI YA BW. NDIZEYE
Mwenyekiti alidai kwamba Bw. Ndizeye, aliyechimba mashimo, ndiye mharibifu. Alisema: "Muntu anachimba metre muzima sababu ya mizizi tu? Ule iko anatafuta zahabu. Batu ba Burundi hatubajue muzuri." Katibu aliombwa afute sentensi ya mwisho. Hakuifuta.

Mwenyekiti alipendekeza Bw. Ndizeye afukuzwe chamani, na shamba lake la maharage pembeni ya msitu apewe mtu mwingine. Mama Cassilde alikumbusha kwamba bila shamba hilo Bw. Ndizeye na watoto wake watano watarudi kambi ya wakimbizi. Bw. Jacques alitazama chini.

Bw. Ndizeye alijibu: "Mi nilifunga mifuko mbele ya Mama Georgette, nikazipeleka kwa président. Kama munazani kuna zahabu, mwende mutazame ule udongo."

Mwenyekiti alimkatiza: "Mu ule udongo hamuna kitu. Hata chembe."

KUMB. NA. 4/08/2024: SWALI LA MAKAMU
Bw. Jacques aliuliza: "Président, we ulijua je?"

Mwenyekiti alisema swali hilo halikuwa kwenye ajenda. Katibu aliliingiza kwenye ajenda papo hapo, ndiyo namba hii.

Baada ya kubanwa, Mwenyekiti alikiri kwamba aliupeleka udongo kijitoni na kuuosha ndani ya karai, mara tatu, kama alivyozoea zamani machimboni. Bi. Georgette aliuliza vitu vyepesi vilivyoelea alivifanya nini. Mwenyekiti alijibu kwamba aliyewahi kuosha dhahabu anajua: chepesi humwagwa, kizito hubaki. Alimwaga.

Bi. Georgette alifunga daftari lake na kusema kwamba alichomwaga ndicho walichokuwa wanakitafuta. Katibu alikasirika na anaona haya kwamba siku ya kuchimba yeye pia alimchungulia Bw. Ndizeye shimoni, akidhani anatafuta dhahabu.

KUMB. NA. 5/08/2024: MAAZIMIO
Tuhuma zimefutwa. Bw. Ndizeye anabaki mwanachama na shamba ni lake. Shimo jipya litachimbwa kesho kando ya mti unaolingana na ule wa shimo la tatu: Mwenyekiti ndiye atakayechimba, Bw. Ndizeye atashika mizani. Mwenyekiti alipinga. Wengine wote waliafiki, isipokuwa Bw. Ndizeye, ambaye hakupiga kura.

KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 5:45. Mwenyekiti aliondoka bila kusaini, akisema ana haraka. Katibu alimfuata kilimani kesho yake, ndipo akasaini akiwa shimoni, udongo ukimfika kiunoni. Bw. Ndizeye alimshikia daftari.

Mwenyekiti: Bonaventure (sahihi ina udongo)
Katibu: Mukarurangwa