Kisanduku cha Mlango

3 Machi

Shikamoo Bibi,

Goti linasemaje? Mimi mzima, ila asubuhi natapika. Mimba imeingia mwezi wa tatu. Mama usimwambie bado.

Ile kazi yako ya ukunga tuliyoichora sakafuni kwako nimeihamishia kwenye kompyuta. Sikuandika lugha yoyote ya mashine: ni kuvuta visanduku na kuviunganisha kwa mishale, vilevile ulivyonipangia. Mjamzito akiandika "naumwa", simu itamjibu kwa maneno yako. Kisanduku chenye picha ya mlango nimekiweka ulipotaka: "Ukiona damu, njoo kwa mkunga upesi." Zahanati wamefurahi mno.

Mjukuu wako

28 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linalalamika, mimi nimenyamaza. Wewe acha kulala chali. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, na nimemkataza kulainisha maneno.

Zahanati wameniambia nikapumzike. Miaka thelathini na moja! Mganga mkuu kanionyesha simu: "Humu mna yote unayoyajua." Nikasema nisomee. Ni mimi mtupu, mpaka "pole mwanangu, pumua, usijikunje." Nikauliza, na mlango? Akasema hakuna mlango, imeandikwa "piga namba ya dharura."

Nani kautoa?

Bibi yako

9 Mei

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima. Nimeutoa mimi, baada ya barua ile, kwa kuwa mkunga hatakuwepo tena. Waliniambia utapumzishwa kabla hata sijaja kukaa nawe sakafuni. Niliogopa ukijua hutanifundisha. Nisamehe.

Mjukuu wako

2 Septemba

Wewe,

Salamu zako nilizipata. Nimekaa kimya kwa sababu kila nikifungua mdomo, fundi anaona haya kuandika.

Nilikulisha maneno yangu tonge kwa tonge, kumbe unanichimbia shimo palepale nilipoketi. Mganga mkuu simlaumu, yeye si damu yangu.

Juzi binti wa muuza mkaa, mjamzito, kaja kwangu anatokwa damu, simu mkononi. Namba ya dharura haikupokelewa. Kaiuliza mashine mara sita. Mara sita ikamwambia pole mwanangu, kwa mdomo wangu, isimwonyeshe pa kwenda. Nimempakia kwenye gari la mkaa mpaka hospitali. Wako hai wote wawili, yeye na mtoto wake, weusi kama masufuria.

Sijakusamehe, usijidanganye. Lakini mwezi wako ni huu, nimehesabu vidoleni. Usiiulize simu. Njoo. Nitakutukana kuanzia kizingitini mpaka mtoto alie.

Bibi yako