Vifungo vya Dereva wa Treni

Makao ya Wazee,
Chumba cha wafanyakazi, ghorofa ya pili,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Wifi,

Hujambo, mwenye maneno yako? Watoto hawajambo? Kaka yangu bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Na mama, miguu inaendeleaje? Mimi mzima kabisa, hata nimenenepa; viatu tu ndivyo vinavyolalamika.

Haya, kaa chini. Wifi, nimethibitishwa kazini! Piga vigelegele mama asikie! Lakini usidhani ilikuwa rahisi. Ilibaki kidogo tu nirudishwe nyumbani na begi langu.

Shida ilikuwa mzee mmoja ninayemhudumia, dereva wa treni mstaafu. Unajua tulivyolelewa: mzee hanyanyui kitu mtoto yupo. Basi kila asubuhi namvalisha shati, namfunga vifungo, namshikia kikombe cha chai. Yeye ananuna tu. Siku moja akausukuma mkono wangu, akamwambia msimamizi hanitaki tena. Nililia, wifi. Nikasema kweli shukrani ya punda ni mateke.

Msimamizi akanipa wiki ya mwisho ya kujirekebisha. Nikiwa natandika kitanda cha mzee, nikaketi kidogo kwenye kiti chake kupumzisha miguu. Ukikaa pale unatazamana na picha yake ya ujana, amesimama kwenye injini, kifua mbele. Nikawaza, mtu aliyeendesha treni nzima, leo anafungwa vifungo kama mtoto wa chekechea! Kumbe heshima yangu, kwake ilikuwa dharau.

Kesho yake nikampa shati, nikakaa mikono mapajani. Weee! Alifunga mpaka chai ikapoa. Vidole vyake vinatetemeka, vyangu vinaniwasha. Alipomaliza, vifungo vimepishana, kola upande mmoja imepanda hadi sikioni. Sikugusa. Akanitazama, akasema, "Treni imefika." Tulicheka hadi msimamizi akaja kuchungulia. Mzee akamwambia, "Huyu abaki. Anajua kusubiri."

Sasa nije kwako. Umeniandikia kwamba mama ni mkaidi, kila ukimnyang'anya ufagio anaufuata ulikouficha. Pole, wifi yangu! Najua unafanya hivyo kwa mapenzi, na ni mimi niliyekuagiza asiguse kitu. Basi naitengua amri yangu. Mrudishie ufagio wake. Akiacha majani pembeni, usifagie nyuma yake. Uani ni kwake tangu sisi hatujazaliwa.

Nisalimie mkoromaji wako, shangazi mshonaji na watoto wote. Mungu awape afya, na kicheko kisikauke humo ndani.

Wako akupendaye hata ukinitania,
Wifi yako.

Nimesahau: mtafutie ufagio wenye mpini mrefu, asiiname. Ukishampa, wewe kaa kitini unywe chai, umtazame.