Sura ya Kumi na Moja Niliyokuficha

Bibi yangu wa Lalago,

Mwangaluka, Bibi. Nakuandikia asubuhi, chai bado ipo jikoni, kabla sijaenda shuleni kufundisha. Ungekuwepo ungenicheka kwamba mtu mzima anamwandikia bibi yake ambaye hakujua kusoma, na tena yuko kaburini kule Lamadi. Lakini kuna jambo nililokuficha nikiwa na miaka kumi na saba, na mwezi uliopita nimelisema mbele ya ukoo. Tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Nimeona wewe uwe wa kwanza kulisikia lote, maana ulipaswa kuwa wa kwanza tangu mwanzo.

Unakumbuka ile riwaya ya Kiingereza? Nilikuwa kidato cha tatu, nakaa kwako kwa sababu shule ilikuwa karibu, wakati baba na mama walikuwa Shishiyu na ng'ombe. Madamu Rehema alikuwa na nakala moja tu, kuukuu, imeshonwa mgongoni kwa uzi mweusi. Alitusomea sura moja kila wiki, sisi tukiandika maneno magumu, na Ijumaa alimwita mmoja mbele ya darasa aeleze kilichotokea. Kwa Kiingereza. Niliogopa Ijumaa kuliko nilivyoogopa nyoka. Ukisimama, ulimi unageuka gogo, wenzako wanaangua kicheko, nawe unabaki umeshika kona ya meza.

Dawa yangu ilikuwa wewe. Jioni tulikaa uani tukichambua pamba, nyeupe upande huu, fifi yenye uchafu upande ule, nami nikikusimulia sura ya wiki hiyo kwa Kisukuma. Nilijua kwamba nikiweza kukueleza wewe ukaelewa, hata Kiingereza chake kitakuja. Ulikipenda kile kitabu. Kilimhusu mjane mmoja wa zamani huko kwao, anayeishi peke yake karibu na kinu cha kusagia ngano. Hukuelewa theluji, nikakuambia ni kama pamba inayoanguka kutoka mbinguni, ukasema, "Basi huko hawalimi, wanaokota tu." Ukanipa kipande cha michembe, viazi vyako vya kukausha, nitafune, ukasema, "Endelea, ng'wanone. Yule mwanamke amefanya nini tena?"

Mpaka sura ya nane, yalikuwa maisha yake tu. Sura ya tisa kondoo wa kijiji wakaanza kufa.

Na wiki zile zile, Bibi, ng'ombe wa jirani yetu walikuwa wanakufa. Walikufa wanne mfululizo, midomo imejaa povu. Mganga akaletwa kutoka mbali, akapiga ramli, akasema anayewaloga ni mtu wa karibu, mwenye macho mekundu. Macho yako yalikuwa mekundu tangu nikufahamu. Miaka yote uliyopuliza moto wa kuni na mavi ya ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, yangekuwaje meupe? Lakini wanawake waliokuwa wakija kukuomba chumvi wakaacha kuja. Ukisalimia njiani, mtu anaitikia akiwa ameshapita. Mtoto wa jirani akakimbia alipokuona kisimani. Uliona yote hayo. Ulirudi na ndoo yako ukasema, "Leo watu wana haraka."

Sura ya kumi majirani wa mjane waliacha kumsalimia. Nilikusimulia nikiwa nimeinamisha kichwa. Mikono yako iliendelea kuchambua, lakini niliona umetupa pamba safi upande wa fifi.

Halafu ikaja sura ya kumi na moja. Madamu aliisoma kwa sauti ya chini. Watu wa kijiji walikusanyika, wakaenda hadi mlangoni kwa mjane wakipiga kelele kwamba ni mchawi, na miongoni mwao alikuwamo ndugu yake wa tumbo moja. Alipofunga kitabu, kalamu yangu ilikuwa chini na sikumbuki ilianguka saa ngapi.

Jioni ile nikakudanganya. Nilisema wanakijiji walimwita mjane kwenye karamu ya mavuno, wakala mkate na nyama. Ukaacha kuchambua.

"Watu wasiomsalimia ndio wamwite karamuni?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Bibi."

"Minza. Kinachoniongopea ni kitabu au ni wewe?"

Nikalia. Nikakueleza yote, mlango, kelele na yule ndugu. Hukulia. Ulijifuta mikono kwenye kitenge, ukauliza swali moja tu: "Huyo ndugu yake, alitaka nini?" Nikasema Madamu anadhani alilitaka shamba la kinu. Ukatikisa kichwa polepole, ukaingia ndani kabla ya wakati wako.

Siku tatu baadaye, alfajiri, nilikuwa wa kwanza kufungua mlango. Kulikuwa na karatasi ya daftari imebanwa kwa jiwe. Niliisoma nikiwa nimechuchumaa. Kikongwe hama kabla ya mavuno. Ukikaa tutakuja. Nilihisi mkojo unanitoka, Bibi, sikuwahi kumwambia mtu hilo. Haukuwa ule ujumbe tu. Ilikuwa ile herufi k. Iliandikwa kama shoka lenye mpini mfupi, mkia wake umekatwa. Nilikuwa nimeiona mara nyingi kwenye fomu zangu za shule, pale mlezi anapojaza jina la kijiji na kazi yake, mkulima. Ilikuwa k ya baba mdogo Masunga. Mwanao wa mwisho, nyumba yake hatua mia moja kutoka kwako, aliyekuwa akikuomba lile shamba la mbugani na wewe unamwambia subiri nife.

Ulitokea nyuma yangu. "Imesemaje?"

Nikakusomea. Ukaipokea, ukaitazama muda mrefu kama mtu anayejua kusoma.

"Unaujua mwandiko?"

"Hapana, Bibi."

"Basi," ukasema. Ukaikunja, ukaifunga kwenye pindo la kitenge.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nilisema hapana. Niliogopa kwamba nikilitaja jina lake, atajua ni mimi, na nyumba ile tulikuwa wawili tu, kikongwe na msichana, na mlango wetu ulifungwa kwa kamba. Niliogopa pia kukuua mimi mwenyewe kwa neno, maana mama gani anaambiwa kitu kama kile akabaki hai?

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Madamu aliniita mimi. Nilisimama mbele ya darasa na badala ya Kiingereza nikatetemeka mpaka meno yakagongana. Hakunichapa. Alinipeleka nje, nikamweleza habari ya karatasi, ila si habari ya mwandiko. Alimpigia simu shangazi Holo, binti yako, pale pale kwa simu yake, kisha akanisindikiza hadi nyumbani, akakaa nasi uani mpaka shangazi akafika kesho yake kutoka Lamadi na gari la kukodi. Usiku ule Madamu alilala mlangoni kwetu juu ya gunia. Baba mdogo alikuja kusaidia kupakia vitu. Alibeba kinu chako cha kutwangia begani, akakufungia mlango wa gari, akasema, "Nenda ukapumzike, mayu. Mimi nitalinda hapa." Ulimtazama usoni. Sikuweza kutazama.

Uliishi miaka sita kando ya ziwa, ukilalamikia harufu ya dagaa, ukiuliza kama mvua imenyesha Lalago. Nilikutembelea kila likizo na kila mara nilikuja na ukweli mdomoni, nikarudi nao. Ulipokufa kitandani kwa shangazi, baba mdogo ndiye aliyelia kuliko wote.

Mwezi uliopita ukoo ulikutana Lalago kuhusu lile shamba. Baba mdogo ameshalilima miaka yote hii na sasa alitaka liandikwe jina lake. Alisimama akasema, "Mama alihama kwa hiari yake. Alipenda ziwa." Watu wakaitikia. Shangazi Holo akafungua mkoba, akatoa ile karatasi. Aliikuta kwenye kitenge chako, akaihifadhi bila kujua afanye nayo nini. Akasema, "Hii ndiyo hiari yake?" Kila mtu akauliza nani aliandika.

Bibi, mimi sasa nasimama mbele ya watoto sitini kila siku hapa Bariadi. Lakini pale nilikuwa tena msichana wa kidato cha tatu. Nilisimama nimeshika kiti. Nikasema, "Niliujua mwandiko siku ile ile. Ni wa baba mdogo." Nikawaonyesha k kwa kidole, kisha nikatoa fomu yangu ya zamani ya shule niliyokuja nayo mkobani, nikaiweka kando yake.

Nilidhani atanipiga. Hata hakukana. Alizitazama zile karatasi mbili, akasema, "Nilitaka ahame tu. Sikutaka wamuue. Wengine ndio walitaka. Mimi nilimtisha ili apone."

Sijui kama ni kweli, Bibi. Nimelala na hayo maneno wiki nne na sijui. Huenda alikuokoa na kukuibia kwa karatasi moja. Baba yangu alilia kama mtoto. Ukoo ukaamua shamba liende kwa shangazi, aliyekulisha na kukuzika. Tulipokuwa tunatawanyika, baba mdogo alipita karibu nami, akasema kwa upole, karibu na sikio langu, "Umesoma sana, Minza."

Tangu hapo nageuka nyuma nikitembea. Pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu, naingia duka la karibu mpaka ipite. Wanawe hawapokei simu zangu. Nimehamishia kitanda mbali na dirisha. Mama ananisihi niache, nikae Bariadi, nisikanyage Lalago mwaka huu.

Nisamehe kwa ile hapana. Pengine uliujua mwandiko kabla yangu, kwa namna yako, na ukanyamaza ili mimi nisilazimike kusema. Kama ni hivyo, wabeja, nakushukuru, Bibi. Kama sivyo, sasa umejua.

Mvua za kwanza zimeanguka. Jumamosi shangazi anakwenda kulima mbugani, na hana mtu wa kusimama naye. Ninaogopa. Jembe nimeshanunua.

Pumzika, Bibi. Nikisharudi salama, nitakuja Lamadi kukupalilia.

Mjukuu wako,
Minza